Nchi Kubwa Yenye Watu wa Namna Nyingi: Je, Yaweza Kutawalwa Vema?

Ni jambo la kawaida kusikia watu wakisema ya kwamba nchi ndogo yenye watu wa kabila moja na lugha moja ni rahisi kutawala, na ya kwamba nchi kubwa yenye makabila mengi haina budi kuwa na serikali mbovu. Maneno haya husemwa sokoni, husemwa safarini, na hata katika mabaraza ya wazee. Aliyekosa barabara huambiwa, "Nchi hii ni kubwa mno." Aliyenyimwa kazi huambiwa, "Makabila ni mengi mno." Yafaa basi jambo hili lichunguzwe kwa utaratibu. Likiwa ni kweli, watu wa nchi nyingi za Afrika hawana tumaini la kutawalwa vema. Likiwa si kweli, basi wakubwa wengi wamekuwa wakijificha nyuma ya udhuru usiokuwa na msingi.

MABISHANO YA WENYE HEKIMA

Mabishano haya hayakuanza jana. Plato, mwenye hekima wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipouwaza mji ulio bora aliukadiria kuwa na nyumba 5,040, wala si zaidi. Mwaka 1748 Mfaransa mmoja, Montesquieu, aliyepata kuwa jaji, aliandika kwamba jamhuri imepasa kuwa ndogo. Sababu yake ilikuwa hii: katika nchi kubwa faida ya watu wote husahauliwa katikati ya mambo mengi, bali katika nchi ndogo kila raia huiona faida hiyo kwa karibu, na mwenye kuiba mali ya wote hana mahali pa kujificha.

Mwaka 1787 mtu wa Marekani, James Madison, alitoa hoja iliyo kinyume cha hiyo. Alisema kwamba katika nchi ndogo kundi moja lenye nguvu laweza kwa urahisi kuishika serikali na kuwaonea wachache. Lakini nchi ikiwa kubwa na makundi yakiwa mengi, ni vigumu kwa kundi moja kuwashinda wengine wote, kwa hiyo hulazimika kupatana nao.

Kila mmoja wa watu hawa wawili alishika upande mmoja wa ukweli. Njia ya kujua ni kuziacha hoja kidogo na kuzitazama nchi zenyewe.

UDOGO PEKE YAKE HAUTOSHI

Katika Bahari ya Pasifiki kiko kisiwa kiitwacho Nauru. Eneo lake ni kilometa 21 za mraba tu, na watu wake wapata 12,000. Wenyeji wake ni taifa moja lenye lugha yake. Kama udogo na umoja wa damu ungekuwa ndiyo dawa ya utawala, Nauru ingekuwa mfano kwa dunia nzima.

Kisiwa hicho kilipopata uhuru mwaka 1968 kilikuwa na utajiri wa fosfati, yaani mawe yatumiwayo kutengenezea mbolea. Kwa muda watu wake walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia. Fedha ziliwekwa akiba kwa ajili ya watoto na wajukuu, maana ilijulikana wazi kwamba mawe yatakwisha. Walakini sehemu kubwa ya akiba hiyo ilipotea katika matumizi mabaya na biashara zisizokuwa na faida: ndege nyingi kuliko abiria, majumba katika nchi za ng'ambo, na hata mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uliofanywa London mwaka 1993 ukaanguka upesi. Mawe yalipopungua, ardhi nyingi ya kisiwa ilikuwa imechimbwa hata haifai kulimwa. Na kwa kuwa bunge lilikuwa na wabunge 18 tu, mmoja au wawili wakihama upande, serikali ilianguka.

Kwa nini ikawa hivyo? Mahali palipo padogo namna ile kila mtu humjua mwenziwe, na jambo hilo ni jema. Lakini ni vigumu kumpata mkaguzi asiyekuwa jamaa wa yule anayekaguliwa. Tena nchi ndogo yapaswa kugharimia bunge, mahakama na mawaziri kama nchi kubwa, ingawa walipa kodi ni wachache. Hata rufani za Nauru zilipelekwa katika Mahakama Kuu ya Australia mpaka mwaka 2018.

WALA UMOJA WA LUGHA NA DINI HAUTOSHI

Sasa na tuitazame Somalia, jirani wa Kenya. Ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960, wengi waliihesabu kuwa na bahati kuliko nchi nyingine za Afrika, kwa sababu karibu watu wake wote ni wa lugha moja na dini moja. Mwaka 1969 Jenerali Siad Barre aliishika serikali kwa nguvu za jeshi, akatawala mpaka Januari 1991 alipofukuzwa. Baada ya hapo serikali yenyewe ilivunjika, na watu wakapigana, si kabila kwa kabila, bali ukoo kwa ukoo.

Hapa pana fundisho kubwa. Tofauti za wanadamu hazina mwisho. Ukiondoa kabila utakuta ukoo. Ukiondoa ukoo utakuta mlango. Ukiondoa mlango utakuta nyumba ya mke mkubwa na nyumba ya mke mdogo. Mtawala asiyetaka kutenda haki hakosi mahali pa kuwagawanya watu, hata wakiwa wote wanasema lugha moja na kuswali msikiti mmoja.

NDUGU WAWILI WALIOZALIWA MWEZI MMOJA

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa India na Pakistan. Nchi hizi mbili zilizaliwa mwezi mmoja, Agosti 1947, kutoka katika utawala mmoja wa Waingereza. Zilirithi sheria za namna moja na makarani waliofundishwa kwa namna moja. Zote mbili zilikuwa kubwa, na zote mbili zilikuwa na watu wa lugha nyingi. Kwa hiyo aziwekaye katika mizani ataona vizuri ni jambo gani lililozitenga.

Pakistan ilizaliwa ikiwa na pande mbili, Magharibi na Mashariki, na katikati yao zaidi ya kilometa 1,500 za ardhi ya India. Wengi wa watu wake walikuwa Waislamu, na wakubwa walidhani kwamba dini ingetosha kuwafunga pamoja. Upande wa Mashariki ulikuwa na zaidi ya nusu ya watu wote, nao karibu wote walisema Kibangali. Lakini makao makuu ya serikali, jeshi na maofisa wakubwa yalikuwa Magharibi. Mwezi Machi 1948 kiongozi wa nchi, Mohammad Ali Jinnah, alitangaza mjini Dhaka ya kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiidai lugha yao. Kibangali kilikubaliwa katika katiba ya mwaka 1956, lakini mamlaka na fedha hazikugawanywa kwa haki.

Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama cha watu wa Mashariki, Awami League, kilipata viti 160 kati ya 162 vilivyogombewa upande wao, na hivyo kikawa na wingi katika bunge lote la viti 300. Wakubwa wa Magharibi wakakawia kuliita bunge. Mwezi Machi 1971 jeshi lilitumwa kuwatiisha watu wa Mashariki, vita vikawaka, watu wengi mno wakafa; na tarehe 16 Desemba 1971 vita vikaisha, na Mashariki ikawa nchi mbali, Bangladesh. Wahenga walisema, "Wengi wape." Pakistan haikuwapa, nao wakajitwalia wenyewe.

India nayo ilikaribia kufanya kosa lile lile. Tangu mwaka 1920 chama cha Congress kilikuwa kimekubali kwamba mipaka ya majimbo inafaa kufuata lugha za watu. Lakini uhuru ulipopatikana, Waziri Mkuu Nehru alisita. Damu nyingi ilikuwa imemwagika katika kutengana na Pakistan, naye aliogopa kwamba majimbo ya lugha yangeivunja nchi vipande vipande.

Watu wenye kusema Kitelugu walikuwa wakitawaliwa kutoka mji wa Madras pamoja na Watamili. Tarehe 19 Oktoba 1952 mtu mmoja wao, Potti Sriramulu, alianza kufunga chakula, akisema kwamba hatakula mpaka watu wake wapewe jimbo lao. Serikali haikumsikiliza. Usiku wa tarehe 15 Desemba alikufa, na ghasia zikatokea mahali pengi. Siku chache baadaye Nehru alikubali, na tarehe 1 Oktoba 1953 jimbo la Andhra likaanzishwa. Kisha ikateuliwa tume ya kuchunguza mipaka ya nchi nzima, na tarehe 1 Novemba 1956 India ikawa na majimbo 14 yaliyopangwa zaidi kwa kufuata lugha. Siku hizi majimbo ni 28, pamoja na maeneo 8 yaliyo chini ya serikali kuu.

Je, nchi ilivunjika kama ilivyoogopwa? Haikuvunjika. Mkulima asiyejua lugha nyingine aliweza sasa kusomewa amri ya serikali katika lugha yake, na kumhoji mjumbe wake bila mkalimani. Alipoona kwamba serikali ni yake, hakuwa na sababu ya kuikimbia.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena miaka ya 1960. Katiba ilikuwa imesema kwamba kuanzia tarehe 26 Januari 1965 kazi za serikali kuu zifanywe kwa Kihindi, na Kiingereza kiachwe. Watamili wa kusini walikataa, kwa maana kwao Kihindi ni lugha ya kigeni, na watoto wao wangekuwa nyuma katika kila mtihani wa kazi. Ghasia zikatokea na watu wakafa. Serikali kuu ikarudi nyuma, na sheria ya mwaka 1967 ikaruhusu Kiingereza kiendelee kutumika. Mwaka huo huo chama cha Watamili kiitwacho DMK, ambacho zamani kilidai nchi ya peke yake, kilishinda uchaguzi na kushika serikali ya jimbo la Madras. Madai ya kujitenga kilikuwa kimeyaacha mwaka 1963, wakati sheria ilipoyakataza na huku mlango wa kulitawala jimbo kwa kura ukiwa wazi. Mwenye funguo za nyumba yake hana haja ya kuuvunja ukuta.

Isidhaniwe kwamba India haina kasoro. Punjab iliona umwagaji wa damu katika miaka ya 1980, Gujarat mwaka 2002, na Kashmir imekuwa na taabu tangu mwanzo. Kati ya mwaka 1975 na 1977 haki nyingi za raia zilisimamishwa. Walakini nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ambayo katiba yake yataja lugha 22, imeendelea kubadilisha serikali zake kwa kura, na mwaka 1977 wapiga kura wenyewe ndio walioiondoa serikali iliyowanyima haki zao.

KWA NINI JIMBO HILI LISHINDE LILE

Yuko atakayeuliza: kama utaratibu wa India ni mwema, mbona majimbo yake hayalingani? Swali hili ni zuri. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, jimbo la Kerala lilikuwa na watu 94 wanaojua kusoma katika kila 100, lakini Bihar ilikuwa nao 62. Katiba ni moja na nchi ni moja.

Bihar ilikuwa na watu zaidi ya milioni 100, na Kerala milioni 33. Basi mtu aweza kusema, "Naam, udogo ndio uliosaidia." Lakini Kerala si jimbo la watu wa namna moja. Zaidi kidogo ya nusu ya watu wake ni Wahindu, zaidi ya robo ni Waislamu, na karibu sehemu moja ya tano ni Wakristo. Kama tofauti zingekuwa sumu ya serikali, Kerala ingekuwa ya mwisho, wala si ya kwanza.

Sababu zake ni nyingi. Tangu karne ya 19 wafalme wa Travancore na wamisheni walijenga shule. Watu wa matabaka yaliyodharauliwa waliunda vyama vyao, wakadai kuingia katika shule hizo na katika kazi za serikali. Mtu ajuaye kusoma huuliza, na serikali inayoulizwa hujihadhari. Tena tangu mwaka 1996 serikali ya Kerala iliamua kuyapa mabaraza ya vijiji na miji kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mipango ya maendeleo, ili wenyeji wakutane na kuamua wenyewe kama waanze na kisima au na daraja.

Kwa hiyo siri haimo katika upana wa nchi, wala katika idadi ya makabila. Imo katika mambo mawili. La kwanza, kila shughuli iwekwe mahali ambapo wenye kuguswa nayo waweza kuiona na kuiuliza. La pili, fungu la kila mmoja liandikwe wazi katika sheria, lisingojee hisani ya mkubwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Na watu wasiokuwapo mahali fedha zinapogawanywa hawana fungu, hata nchi ikiwa ndogo kama kiganja.

MAMBO HAYA KATIKA KENYA

Kenya ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 580,000, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu milioni 47.6. Kaunti ya Turkana peke yake ni pana kuliko nchi nzima ya Uswisi. Mwaka 1963 nchi ilipata uhuru ikiwa na katiba ya majimbo, lakini ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964 utaratibu huo uliondolewa, na mamlaka yakakusanywa Nairobi. Kwa miaka mingi kijiji kilichotaka zahanati kilitazama mji mkuu, na kila uchaguzi ukawa kama vita vya kugombea ghala moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilifuata njia nyingine. Ilianzisha kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, na ikaagiza kwamba zipewe kila mwaka fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya serikali yote. Hilo ni fungu lililoandikwa.

Lakini ukaribu una hatari yake, kama ilivyoonekana kule Nauru. Kaunti yaweza kuwa karibu na watu na bado ikashikwa na jamaa za wachache. Na kabila lililo dogo katika nchi laweza kuwa kubwa katika kaunti, likawaonea wengine walio wadogo kuliko lenyewe. Kwa sababu hiyo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaagiza kwamba katika nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia, zisizopungua asilimia 30 zipewe watu wasiokuwa wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Hali kadhalika, makadirio ya fedha ya kaunti yapaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na katika miezi sita inayofuata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupaswa kutoa taarifa yake. Mwananchi azijuaye tarehe hizi ana silaha iliyo bora kuliko malalamiko.

Tena kuna kazi ambazo hutaka ukubwa. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 hawakuuliza mpaka wa kaunti. Ilibidi serikali kuu, nchi jirani na shirika la kupigana na nzige la Afrika Mashariki wasaidiane. Kisima ni cha kijiji. Nzige ni wa wote. Serikali njema ni ile ijuayo kutenga mambo hayo mawili.

Basi safari nyingine raia atakapoambiwa kwamba barabara haikujengwa kwa kuwa nchi ni kubwa na makabila ni mengi, na aulize upole na bila kuchoka: Fedha za barabara hiyo zilikuwa kiasi gani? Ziliamuliwa na nani? Na hesabu yake imeandikwa wapi?

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini utajiri wa Nauru haukudumu, ingawa watu wake walikuwa wachache na wa taifa moja?

2. Pakistan ilikataa jambo gani ambalo India, baada ya kusitasita, ililikubali?

3. Taja shughuli mbili zinazofaa kuamuliwa na kijiji au kaunti, na mbili zinazofaa kuamuliwa na serikali kuu. Toa sababu.

4. Ni watu gani walio wachache katika kaunti yenu, na ni nani asemaye kwa ajili yao mahali fedha zinapogawanywa?